Maji ya Mvua kwa Konokono

Mimi ni fundi wa friji, nina ndevu zenye mvi na watoto watatu, na sebuleni kwangu Ukunda nafuga konokono. Hata nikiandika hivyo peke yangu, uso unanipata joto. Angekuwa njiwa ningesema. Angekuwa kasuku, majirani wangeleta watoto wao kumtazama. Lakini konokono huku kwetu ni kitu cha kukanyagwa na kufutwa kwenye soli ya kiatu, na mwanamume mzima anayemchemshia mchicha hana la kuwaeleza watu.

Kwa hiyo sikuwaeleza. Tangi langu la kioo lina leso yake. Mgeni akipiga hodi, mke wangu huitikia karibu, na mimi huvuta leso. Mgeni akiuliza kuna nini pale chini, nasema ni redio mbovu ya mteja. Mke wangu hunitazama tu, maana redio gani hiyo inayotoa mapovu. Jirani mmoja aliyewahi kuiona ile redio alimwuliza kama hatuogopi kichocho. Konokono wangu wamezaliwa mumo humo ndani ya kioo, hawajaona mto wala bwawa, hicho kichocho wangekitoa wapi? Lakini sikutoka kumjibu. Nilikaa chumbani mpaka akaenda zake.

Niliwapata Diani, katika nyumba moja nilikokwenda kuondoa friza lililokufa. Mpangaji alikuwa anahama, akaniambia na lile tangi nilichukue. Samaki walikuwa wamekwisha zamani. Walikuwamo konokono wa maji baridi, wenye rangi ya dhahabu, ukubwa wao kama ndimu. Nililolitaka mimi ni tangi, kioo kile kina kazi nyingi, na hao nilisema nitawatupa nikifika nyumbani. Nikafika. Mmoja akanyoosha mrija wake mrefu hadi juu ya maji, akavuta pumzi, akaurudisha ndani taratibu. Nikakaa chini kumtazama, na chakula changu kikapoa.

Watu hudhani konokono hana kazi, umtie majini basi. Konokono wa aina hii akiingia mwaka wa pili ni mzee, kwa hiyo anayewafuga kwa miaka hafugi konokono, anafuga ukoo. Hutaga usiku juu ya maji, kishada cha mayai ya rangi ya waridi kilichogandamana na kioo, nacho kikizama kimeoza na kikikauka kimekufa. Tangi lazima liwe na kifuniko, maana wanapanda. Mmoja alikutwa ndani ya kiatu cha shemeji yangu, na shemeji ndiye aliyemkuta, kwa mguu.

Ujuzi wangu wote nimeupata kwa kuua. Kundi la kwanza niliwaua kwa kipande cha mrija wa shaba, masalio ya kazi, nilichokitumia kufungia chujio. Shaba ni sumu kwao, na mimi shaba ndiyo riziki yangu, inashinda vidoleni mwangu. Siku hizi sitii mkono tangini kabla ya kuosha hadi viwiko. Kundi la pili, lililotoka katika mayai yao, nusura niwaue kwa ukarimu. Visima vyetu vimechimbwa kwenye matumbawe; maji yake yana chumvichumvi, birika linafanya ganda jeupe, sabuni haitoi povu, na chai ya mgeni wa heshima haipikwi nayo. Mgeni wa heshima hupewa maji ya mvua. Basi nami mvua iliponyesha nikakinga, nikawatilia konokono wangu ya mvua matupu, nikajiona mfugaji. Haukupita muda magamba yakapauka nchani, yakaingia vishimo, mmoja akatoboka kabisa. Ndipo nilipojua kwamba ile chokaa inayoharibu birika ndiyo konokono anayojengea gamba lake. Maji ya mvua hayana kitu. Asipopata cha kujengea, maji yenyewe huanza kulila lile gamba alilo nalo.

Nalieleza hilo mapema ili ijulikane kwamba nilikuwa ninajua.

Mama mkwe wangu alikuja kukaa kwetu kwa sababu ya mguu. Ana sukari, na kidonda cha juu ya kisigino kilikuwa kimekataa kupona. Daktari wa kliniki ya vidonda huko Msambweni alisema kisafishwe kila wiki bila kukosa, na akikosa, mguu utakatwa. Alisema hivyo hivyo, bila kupamba. Kutoka Kinango kila wiki asingeweza, kwa hiyo mke wangu akamleta mamake nyumbani, na mimi nikaingia katika mtihani.

Kwao Kinango mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Kiti alichokalia sikikalii. Mkono simpi. Namwamkia shikamoo kutoka mlangoni, ananiitikia marahaba huku anatazama pembeni, na salamu zimekwisha. Nikiwa na neno, namwambia mke wangu, naye anamwambia mamake, hata kama sote watatu tumo chumba kimoja na masikio yetu ni mazima. Miaka yote ya ndoa yangu tumeishi hivyo na hatujakoseana hata mara moja.

Sasa mahali alipokaa mchana kutwa, mguu juu ya kigoda, ni sebuleni, mkabala na ile redio mbovu. Leso aliifunua mwenyewe. Nilirudi kazini nikakuta imekunjwa vizuri imewekwa kando, naye ameinama anatazama.

“Mama anauliza, hawa ni wa nani?” mke wangu akasema.

“Mwambie ni wa watoto.”

Mke wangu akanikazia macho, kisha akamwambia. Mama akajibu neno refu kwa Kiduruma.

“Mama anasema, basi watoto wako wamejua kufuga.”

Nilitoka nje nikajifanya natafuta bisibisi. Nilikuwa nimesema uongo kwa ajili ya konokono, mbele ya mama mkwe, na wote tulijua.

Aibu kubwa zaidi ilikuwa ya ndoo. Kila wiki lazima nichote ndoo moja ya maji ya tangini niyamwage, nitie mengine ya kisimani. Kumwaga maji mbele ya mtu wa Kinango! Huko wanawake hufuatana na punda kutafuta maji, na mgeni anayenawa mikono hutazamwa anavyoinamisha kikombe. Nikawa nangoja wende kliniki ndipo nimwage. Siku moja wakarudi mapema wakanikuta na ndoo imeinama, mchanga unakunywa. Mama alisimama mpaka mchanga ukanyamaza. Hakukasirika. Alimwambia bintiye aniambie kwamba maji ya mifugo yana mbolea, nisiyatupe.

Mifugo! Ndivyo alivyowaita. Kila asubuhi, baada ya marahaba, akaongeza swali, na mke wangu akalileta hadi mlangoni: mama anauliza mifugo imeamkaje. Mwanzo nilidhani ananikejeli, maana hata mimi ningejikejeli. Kumbe anauliza kama wanavyouliza kwao, hali ya mtu na hali ya zizi lake. Alikuwa na mbuzi, kundi zuri, na kiangazi kilichopita kilimmalizia wote. Alikuwa ameketi nao mmoja mmoja mpaka wa mwisho, mke wangu alinieleza, na tangu hapo husema mkono wake umekufa, kwamba chochote anachokishika hakiishi. Mtu huyo ndiye aliyekuwa akiangalia konokono wangu kwa heshima, na mimi mwenyewe nawafunika leso.

Kisha kukatokea msiba kwao, akaenda kuzika baina ya kliniki na kliniki. Alirudi na mtungi wa plastiki wa manjano, ule mkubwa, umejaa hadi mdomoni. Huko kulikuwa kumenyesha, mvua moja tu ya kupita. Aliyaacha maji ya kwanza yaoshe vumbi la bati, akakinga yaliyofuata kwa masufuria, akachuja kwa kitambaa, akaujaza mtungi. Safari nzima aliushikilia kwa magoti yake, na kile kidonda.

“Mama anasema haya si ya watu,” mke wangu akaniambia, na sauti yake haikuwa sawa. “Ni ya mifugo ya mkwe. Anasema humu mnawanywesha maji ya munyu, ya chumvi hii ya kisima, maskini.”

Nilisimama pale mlangoni. Hapo ndipo ningesema. Maneno yenyewe hayakuwa magumu: hata mimi nilifanya hivyohivyo, mama, nikawaharibu, hawa wanapenda munyu. Angecheka. Badala yake nikasema, “Mwambie mama asante sana, nimefurahi mno.”

Kila asubuhi akawa anawatilia kata moja, kwa mkono wake, polepole wasishtuke. Mimi nafunga viatu barazani nasikia maji yanavyoanguka. Nilimwomba mke wangu amwambie kwa upole.

“Mimi?” akasema. “Maji yale kayabeba kutoka Kinango. Mwambie wewe.”

“Nitamwambiaje, naye ni mama mkwe?”

“Basi wache wafe kwa adabu.”

Nikaanza kufanya hila. Nilisaga maganda ya mayai nikayatia kwa siri, nikatia na vipande vya matumbawe nyuma ya mimea. Havikufua dafu mbele ya kata ya kila siku. Magamba yakapauka. Wachanga ndio walioanza, gamba likawa laini hata ukimshika unaogopa. Kisha yule jike mkubwa, mama wa nusu ya tangi, akalala chini na kifuniko cha gamba lake kimefungwa. Konokono akifa hufanana na aliyelala. Njia ya kujua ni kumtoa na kumnusa. Nikamtoa nikamnusa; alikuwa amekufa. Nilipoinua kichwa nikamwona mama mkwe ananitazama kutoka kiti chake, na kwa mara ya kwanza hakutazama pembeni. Mtu aliyewahi kufuga hahitaji kuelezwa uso wa mwenye mfugo. Aliufunika mguu wake kwa kanga.

Juma lile walipokwenda Msambweni niliuchukua mtungi. Ulikuwa umebaki zaidi ya nusu. Nikaubeba hadi nyuma ya bafu nikaumwaga wote shimoni, kwa haraka, nikitazama lango kama mwizi. Nikaujaza maji ya kisimani mpaka pale pale yalipokuwa, nikaufuta, nikaurudisha na kitambaa chake juu. Niliona nimepata suluhu nzuri kabisa. Mama ataendelea kuwatilia, konokono watapona, na hakuna atakayevunjiwa heshima. Nilipiga mluzi, ndiyo, nakumbuka nilipiga mluzi.

Jioni hiyo vidonge vyake vilipokuwa vinangoja, bintiye yuko jikoni, mama akajichotea kikombe kutoka mtungi uliokuwa karibu, ule wake. Akatia kidonge kinywani, akanywa funda moja, akasita. Mimi nilikuwa mlangoni. Mtu wa Kinango humdanganyi kwa maji. Huyajua kwa ulimi haya ni ya silanga, lile bwawa la kuchimbwa, haya ya bomba, haya ya bati. Alikitazama kikombe. Kisha akayanywa yote mpaka mwisho, maana maji hayatupwi, akakipangusa kikombe akakirudisha mahali pake.

Asubuhi hakuwatilia kata. Wala hakuuliza hali ya mifugo. Wiki ikapita hivyo, na siku ya kliniki ilipofika mke wangu alinifuata barazani, macho mekundu.

“Mama haendi. Amefunga mzigo, anataka kurudi kwake leo.”

“Na mguu?”

“Anasema heri mguu. Anasema mkono wake umekufa na umeingia nyumbani kwako. Anasema wewe uliona, ukayaondoa yale maji aliyoyashika, na kwa heshima yako hukumwambia. Anakushukuru. Hataki kukumalizia ulichonacho.”

Niliwahi kupigwa na umeme wa friji mara kadhaa. Hakuna hata mara moja nilipokufa ganzi kama pale. Nilikuwa nimekaa kimya nikidhani ninamheshimu, na yeye alikuwa ameusikia ukimya wangu kuwa hukumu. Alikuwa tayari kwenda kukatwa mguu ili konokono wangu wasalimike.

“Mwambie…” nikaanza.

“Leo sipeleki maneno,” mke wangu akasema, akapita, akaenda kusimama jikoni.

Nikaingia sebuleni. Alikuwa amekaa pembeni ya kiti kama mtu anayengoja gari, mzigo miguuni. Nikakaa sakafuni, mbali, nikaukabili ukuta, kwa sababu uso wake nisingeuweza.

“Mama,” nikasema, “mkono wako haujaua kitu. Maji ya mvua ndiyo yasiyowafaa hawa. Wanakula munyu wa kisima, ile chokaa yake, wanajengea nyumba zao. Mimi mwenyewe zamani niliwatilia ya mvua wakaharibika hivi hivi.”

Nikasikia mapovu ya tangi.

“Mwenyewe uliwahi kuwatilia?” akauliza. Sauti yake ikielekezwa kwangu ilikuwa ngeni, sikuwa nimewahi kuisikia bila bintiye katikati.

“Ndiyo, mama.”

“Kwa hivyo siku nilipokuja na mtungi, ulikuwa unajua.”

“Nilikuwa najua.”

“Na kila asubuhi nikiwatilia.”

“Kila asubuhi, mama.”

“Ukaniacha.”

Nilitamani anitukane, kwa Kiduruma, kwa lugha yoyote. Nililia, na sioni haja ya kulificha hilo baada ya yote niliyokwisha kuyaficha. Mama mkwe hakunibembeleza. Nilisikia anausogeza ule mzigo kwa mguu mzima, unakwaruza sakafu.

“Mbuzi akikataa majani, mwenye mbuzi husema,” akasema. “Sasa mkwe, umenikosea na nitakutoza. Mguu ukipona nitarudi kwangu. Mvua ikinyesha huku, utakinga mtungi mmoja, utauleta. Usipakie pikipiki. Utashukia barabarani uubebe begani mpaka mlangoni pangu, na ukiulizwa, utasema.”

Akamwita bintiye, wakaenda kliniki.

Mguu ulichukua miezi. Kiti cha sebuleni kilibaki chake na mlango ukabaki wangu, shikamoo na marahaba kama kawaida. Mazungumzo yale hatukuyarudia. Konokono walioponea walijenga tena gamba, na mpaka leo unaona mstari mahali lile lililoliwa lilipokutana na jipya. Kidonda kikafunga. Akarudi Kinango kwa miguu yake miwili.

Mwaka huu mvua za pwani zilipokuja huku, kule bara hazikufika. Nikaacha maji ya kwanza yaoshe bati, nikakinga ya pili, nikachuja. Niliposhuka barabarani vijana wa bodaboda wote walinijia, nikawakataa, nikauinua mtungi begani. Njiani niliulizwa mara mbili nauza nini, nikasema siuzi. Jua lilikuwa kali, bega likaisha, na kitu kilichonichosha zaidi ni kulipanga lile jibu. Maana ningelazimika kuanza na konokono. Mpaka hapo hakuna mtu wa nje niliyewahi kumwambia habari ya konokono wangu, na nilikuwa nimejiandaa kuchekwa. Hata niliona kicheko kingenirahisishia.

Uani kwa mama mkwe walikuwapo majirani, wanawake watatu waliotoka kwenye silanga iliyokauka, mitungi yao mitupu imelazwa chini. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakunisaidia.

“Mkwe kaleta maji kutoka Ukunda?” mmoja akauliza. “Kuna nini?”

Nikautua mtungi. Nikawaambia nafuga konokono kwenye tangi la kioo sebuleni kwangu, nikangoja. Hakuna aliyecheka. Nikawaambia mama aliwaletea konokono hao maji ya mvua kutoka hapa, nami nikayamwaga shimoni nyuma ya bafu kwa kuona haya kumwambia hayawafai.

Yule mwanamke aliyeuliza aliutazama mtungi wangu uliojaa, kisha akanitazama mimi.

“Yote?” akauliza.

“Yote,” nikasema.